Ugomvi wa Gramu Moja

FUNDI: Mtu analipa dola 200 au zaidi kununua kisu cha kukunja. Chuma cha bapa kimechaguliwa kwa makini, mpini umechongwa ukakaa sawa, na bapa linafunguka kwa kidole gumba bila kukwaruza. Akikigeuza upande wa pili anakuta kibanio cha mfukoni cha bati la chuma, limekatwa kwa mashine ya kugonga, limepakwa rangi nyeusi itakayoanza kubanduka kabla mwaka haujaisha. Sehemu inayoguswa kila mkono unapoingia mfukoni ndiyo iliyotengenezwa kwa haraka kuliko zote. Kuivua na kufunga kibanio cha titani kilichopimwa kwa kisu hicho na kwa mfuko huo si mbwembwe. Ni kumalizia kazi.

MHANDISI: Kazi ilikwisha, Fundi, ila wewe hukupenda ilivyokwisha. Tupige hesabu. Chukua kibanio chenye urefu wa milimita 60, upana 8 na unene 1. Kikiwa cha chuma kisichoshika kutu kitakuwa na uzito wa gramu 3.8 hivi. Titani ni nyepesi, sawa, lakini pia ni laini zaidi inapopindwa: ukakamavu wake ni gigapaskali 114, wakati chuma kiko karibu na 195. Ili ibane mfuko kwa nguvu ile ile, lazima uongeze unene ufike kama milimita 1.2. Ukipima tena unapata gramu 2.6. Umeokoa gramu moja na kidogo kwenye kisu cha gramu 100. Mabaki ya nyuzi yaliyojaa mfukoni mwa mwenye kisu yanakaribia uzito huo.

MBEBAJI: Sijawahi kumsikia mtu akilalamika kwamba kibanio chake ni kizito. Mimi nafungua makasha ghalani kutwa, na malalamiko ninayoyajua ni mengine kabisa. Kibanio kinanasa kwenye kitasa kinapinda. Kinachubua rangi ya gari ukipita kwa kubana. Kinachimba kiganja ukishakata maboksi kwa saa nzima. Na ukiwa mashoto kama mimi, kimefungwa upande ambao si wako. Nyinyi mnagombania gramu.

FUNDI: Dada amesema. Na malalamiko ya wabebaji ndiyo yaliyokizaa kibanio chenyewe. Buck 110, kisu cha kukunja cha Marekani kilichotoka mwaka 1964 na kuigwa kila mahali, kilibebwa kwenye ala ya ngozi mkandani. Visu vidogo kuliko hicho vilizama chini ya mfuko pamoja na funguo na sarafu. Mwaka 1981 Sal Glesser wa kampuni ya Spyderco, pale Golden, Colorado, akatoa kisu kilichoitwa Worker. Kilikuwa na tundu kwenye bapa la kuingiza kidole gumba na kibanio ubavuni cha kukishika kwenye ukingo wa mfuko. Vitu viwili vidogo tu, na leo ni vigumu kukipata kisu cha kukunja cha kisasa kisichokuwa na kibanio. Mahali kisu kinapokaa ndipo panapoamua kama kitatumika au kitasahaulika.

MHANDISI: Umesahau kusema kwamba aliyefanya hivyo alikuwa na kampuni, na kampuni ndiyo iliyofikisha kibanio kwa mamilioni ya watu. Hakukaa na jiliwa kutengeneza kimoja kimoja.

FUNDI: Na Chris Reeve je? Alikuwa fundi wa visu Afrika Kusini kabla ya kuhamia Idaho mwaka 1989. Kisu chake kiitwacho Sebenza ndicho kilichowazoesha watu wengi mpini wa titani na kibanio cha titani juu yake. Watu wakaona kwamba metali ya ndege inaweza kukaa mfukoni bila kutu hata ikilowa jasho kila siku. Tangu hapo, mwenye kisu cha bei nusu ya hiyo anauliza kwa nini chake kina bati.

MHANDISI: Umeitaja Sebenza mwenyewe, basi tubaki hapo hapo, maana inanisaidia mimi. Katika kisu cha aina ile upande mmoja wa mpini ndio kufuli: umechanwa ukaachwa ulimi, na ulimi huo hujisukuma nyuma ya bapa kulizuia lisijifunge. Kwenye Sebenza 21, ncha ya kibanio ilikuwa inalalia ulimi huo. Toleo lililofuata, Sebenza 31, kibanio kimewekwa kwa mshazari ili ncha yake itue kwenye sehemu ya mpini isiyotikisika. Wenye kiwanda waliona tatizo, wakalirekebisha mara moja kwa kila mnunuzi. Sasa nionyeshe fundi wa karakanani anayefikiria ulimi wa kufuli kabla ya kufikiria rangi.

FUNDI: Walichukua miaka mingapi kuliona?

MHANDISI: Waliliona.

FUNDI: Wateja waliliona kwanza. Ukikishika kisu cha namna ile vidole vikakaa juu ya kibanio, unaukandamiza ulimi. Gololi ndogo ya ndani inalibana bapa, na kisu kinagoma kufunguka. Mwenye kidole kinene anakutana na tatizo hilo siku ya kwanza. Akija kwangu naona anavyokishika, na kibanio chake nakipeleka kando siku hiyo hiyo, bila kusubiri toleo jipya.

Hapa ubishi unagusa jambo ambalo wauzaji wa vibanio hulipita haraka. Kibanio hakikai peke yake: kinashikwa na skrubu mbili au tatu zenye kipenyo kisichozidi sana milimita 2, kinagusa mpini upande wa pili, na kwenye visu vingi kinapita juu ya sehemu inayocheza. Kukibadilisha ni kugusa mashine ndogo iliyokwisha sawazishwa.

MBEBAJI: Lakini bado hamjanijibu kuhusu kupinda. Cha chuma changu kilinasa kwenye mlango wa lori, kikafunguka kama mdomo, nikakirudisha kwa koleo. Cha titani kingefanyaje?

FUNDI: Kingerudi chenyewe. Titani inayotumika ni aloi ya daraja la 5, yenye alumini asilimia 6 na vanadi asilimia 4. Inavumilia mkazo wa megapaskali 880 hivi kabla haijapinda isirudi. Na ule ulaini ambao Bwana Mhandisi aliutaja kama kasoro ndio faida yenyewe: kwa kuwa inakubali kujikunja, inakwenda mbali zaidi kabla ya kufika kikomo. Kibanio cha milimita 45 kutoka kwenye skrubu hadi ncha, unene 1.3, ukikiinua milimita 3, mkazo pale kwenye skrubu unafika kama megapaskali 330. Hujafika hata nusu ya njia.

MHANDISI: Hesabu ni sahihi na metali ndiyo yenye shaka. Bati la titani linalouzwa kwa bei nafuu mara nyingi si daraja la 5. Ni titani tupu, daraja la 2, ambayo mafundi wengi wanaipenda kwa sababu inakatika vizuri na inapindika ikiwa baridi bila kelele. Hiyo kikomo chake ni kama megapaskali 275. Weka hiyo 330 yako juu yake, Fundi. Kibanio kitapendeza siku ya kwanza, kitakubali kuinuliwa juu ya mshono mnene wa jinzi, na hakitashuka tena. Mnunuzi ataambiwa ni titani, na kweli ni titani. Halafu usinilinganishie na chuma laini. Chuma cha springi kilichogumishwa kwa joto kinapita megapaskali 1,500. Ukikitumia hicho, masafa yake ya kwenda na kurudi ni sawa na ya titani yako au zaidi.

FUNDI: Kiwanda gani kinaweka chuma hicho kwenye kibanio?

MHANDISI: Viwanda vinaweka kinachotosha.

MBEBAJI: Changu hakikutosha.

MHANDISI: Dada, mlango wa lori haumo kwenye mchoro wa mtu yeyote. Na nadhani ni bora kibanio kipinde kuliko kishike. Kikiwa kigumu mno, mlango ukikikamata utang'oa skrubu pamoja na nyuzi zake mpinini, au utachana suruali. Bati laini linajitoa mhanga na kesho unanunua jingine kwa dola chache. Nyuzi za skrubu zikishang'oka kwenye mpini wa titani hununui kitu, unatafuta fundi mwingine wa kukutengenezea tundu.

FUNDI: Kwa hiyo bati limewekwa ili liharibike. Sawa, angalau umelisema.

MHANDISI: Fyuzi nayo imewekwa ili iungue.

MBEBAJI: Fundi, hebu nieleze kinatengenezwaje. Nataka kujua nalipia nini, maana kwa dola 40 napata kisu kizima kipya cha kufungulia maboksi.

FUNDI: Naanza na kisu chenyewe, si bati. Napima nafasi kati ya matundu ya skrubu, nachora kwenye karatasi ngumu, naikata, naiweka juu ya mpini na kukishika kisu kama kinavyoshikwa kazini. Nusu ya makosa yanaonekana hapo, wakati bado ni karatasi. Kisha nahamishia mchoro kwenye bati la daraja la 5. Matundu yanatobolewa kwanza, kabla ya kukata umbo, maana kipande kidogo hakishikiki vizuri kwenye jiliwa. Keekee iwe ya kobalti, mwendo wa polepole, mafuta ya kutosha, na mkono ukandamize bila kusitasita. Keekee ikizunguka bila kula, titani inajigumisha pale pale, na keekee imekufa. Baada ya hapo ni msumeno na tupa. Kingo nazisugua kwa msasa kufuata urefu wa kibanio, si kukata upana wake, kwa sababu mkwaruzo uliokaa kukingama ndipo ufa unapoanzia.

Halafu kupinda. Ikiwa baridi, titani ya daraja hili haitaki kona kali: kwa bati jembamba, mviringo wa ndani usipungue mara nne na nusu ya unene wake. Bati la milimita 1.3 linataka mviringo wa karibu milimita 6, na kibanio chenye kona ya milimita 6 kinakaa mbali na mpini kama sikio. Kwa hiyo naipasha moto. Mwale wa gesi unapita pale panapopinda tu. Rangi ya majani makavu inatokea kwanza, inageuka zambarau, inakuwa buluu, kisha kijivu, na kwenye kivuli unaanza kuona wekundu hafifu. Hapo inalala juu ya kipande cha nondo kilichobanwa kwenye jiliwa, na unaipeleka kupita pale unapotaka, kwa sababu itarudi kidogo ikipoa. Kiasi gani itarudi, mkono unakijua baada ya kuharibu vipande kadhaa.

MHANDISI: Umesimulia vizuri na umeruka moja. Ikikaa kwenye joto la kupita nyuzi 600 kwa muda, titani inafyonza oksijeni kutoka hewani na inatengeneza ganda gumu lenye kuvunjika kama kigae. Halionekani kwa macho ukishasugua juujuu. Ufa unaanzia kwenye ganda hilo, pale pale kwenye kona inayofanya kazi kuliko zote. Kiwandani tunapasha ndani ya tanuri lisilo na hewa au tunaliondoa ganda kwa tindikali.

FUNDI: Mimi naliondoa kwa msasa, na moto haukai. Sekunde chache na imeisha. Tofautisha mtu anayepasha kona ya kibanio na mtu anayeoka bati tanurini.

MHANDISI: Natofautisha. Sina namna ya kujua wewe ni yupi kati ya hao, na mteja wako pia hana.

Hoja hiyo ya Mhandisi ni nzito kuliko anavyoitamka. Mnunuzi wa kibanio cha kiwandani hajui metali vilevile, ila anajua kwamba vibanio elfu moja vya namna hiyo vimekwisha kupita mikononi mwa watu. Cha Fundi ni cha kwanza na cha mwisho cha aina yake.

FUNDI: Basi wako wanaochonga kwa mashine inayoongozwa na kompyuta. Hakuna moto, hakuna kupinda, kila kimoja sawa na mwenzake. Hao unawaogopa pia?

MHANDISI: Hao wana kosa jingine. Kibanio cha kuchongwa kinatoka kwenye kipande kinene, tuseme milimita 5, na robo tatu ya titani inaishia sakafuni ikiwa maranda. Ni metali iliyopatikana kwa taabu. Njia ya Wilhelm Kroll, mzaliwa wa Luxembourg aliyepata hataza ya Marekani mwaka 1940, bado ndiyo inayotawala. Madini yanageuzwa kloridi, kloridi inapikwa na magnesi iliyoyeyuka ndani ya chombo kisicho na hewa, kazi ya siku kadhaa kwa mkupuo mmoja, na kinachotoka ni kitu chenye vitundu kama sponji kinachohitaji kuyeyushwa upya. Halafu unaichonga robo tatu iwe taka ili mtu apate kibanio chenye mikunjo ya kupendeza.

MBEBAJI: Madini yenyewe si ndiyo yale ya Kwale, pwani ya Kenya?

MHANDISI: Kwale walichimba ilmenaiti, rutaili na zirkoni kutoka mchangani. Kampuni ya Base Titanium ilianza kusafirisha kupitia bandari ya Likoni mwaka 2014, na uchimbaji ukasimama Desemba 2024. Lakini usiutazame mchanga wa Kwale ukadhani ni visu. Sehemu kubwa mno ya madini ya titani duniani inakuwa unga mweupe wa kutia kwenye rangi za nyumba, plastiki na karatasi. Sehemu ndogo tu ndiyo inayofika kuwa metali, na ndege na injini zake ndizo zinazotangulia kwenye foleni.

FUNDI: Vipande vingi ninavyovitumia ni mabaki ya kazi hizo kubwa. Karakana inakata bati kwa ajili ya kitu kingine, pembeni panabaki kipande cha kiganja. Kwangu hicho ni vibanio vitano.

MBEBAJI: Na maranda yako unayapeleka wapi? Nimesikia yanawaka.

FUNDI: Yanawaka, tena vibaya. Vumbi la titani likishika cheche linatoa mwanga mweupe usiotazamika, na ukilimwagia maji unazidisha, kwa sababu metali iliyo moto vile inayavunja maji na kutoa hidrojeni. Ndiyo maana mashine ya msasa iliyosugua chuma kwa cheche haisugui titani kabla ya kusafishwa, na ndoo ya mchanga mkavu inakaa karibu. Anayefanyia kazi hii kwenye meza ya jikoni, zulia chini na dirisha limefungwa, aache.

MHANDISI: Hilo nalikubali bila nyongeza.

MBEBAJI: Angalau moja. Sasa rangi. Nimeviona vya buluu na vya dhahabu. Ni rangi gani isiyobanduka?

FUNDI: Si rangi ya kupakwa. Kibanio kinatumbukizwa kwenye maji yenye chumvi kidogo ya kupitisha umeme, hata magadi ya jikoni yanatosha, na umeme wa moja kwa moja unapitishwa. Juu ya titani panaota utando mwembamba wa oksidi. Mwanga unaporudi kutoka juu ya utando na kutoka chini yake, baadhi ya rangi zinauana na nyingine zinabaki. Volti ndizo zinazoamua unene wa utando, na unene unaamua rangi. Betri tatu za volti 9 zikiunganishwa mfululizo zinakupa 27, na hapo unapata buluu. Kijani ni kigumu, kinataka volti zipatazo mia moja, na bati liwe safi kabisa: alama moja ya kidole inabaki humo kama muhuri.

MHANDISI: Na utando huo unapimwa kwa nanomita. Jinzi itaula. Pale kibanio kinapogusa ukingo wa mfuko rangi itaondoka kwanza, na mteja atarudi kwako kuuliza buluu yake iko wapi.

FUNDI: Anarudi, naiotesha tena kwa dakika moja. Wewe rangi yako nyeusi ikibanduka, anarudi wapi?

MHANDISI: Harudi, kwa sababu hakununua rangi.

MBEBAJI: Mimi nina swali linalonihusu. Mifuko ya suruali za kike ni mifupi. Kisu kinachokaa vizuri kwenye mfuko wa kaka yangu, kwangu nusu nzima iko nje, nikikaa kinachomoka. Nataka kibanio kinachopita juu ya tako la mpini ili kisu kizame chote.

FUNDI: Hicho ndicho ninachoombwa zaidi.

MHANDISI: Na ndicho kinachosumbua zaidi. Kisu kikizama chote, vidole havina pa kukamata. Ukiwa na glavu, utahangaika kukitoa. Spyderco na wengine huacha kipande kinachochomoza kwa makusudi.

MBEBAJI: Bwana Mhandisi, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mfuko wangu una kina cha kiganja. Kisu kinachochomoza kinaanguka chini ya ukanda wa mashine. Chagua wewe mimi nihangaike na lipi.

WAKILI: Naomba niingie hapo. Kisu kizame au kionekane, hilo si suala la mfuko peke yake. Jimbo la New York lilikuwa na sheria ya mwaka 1958 dhidi ya visu vinavyofunguka kwa kurushwa mkono. Kwa miaka mingi polisi wa jiji walisimamisha watu kwa kuona kibanio kwenye ukingo wa mfuko. Kisha askari anakitikisa kisu kwa nguvu, kikifunguka, mtu anakamatwa. Wengi walikuwa wafanyakazi waliobeba kisu cha kazi kilichonunuliwa dukani mchana kweupe. Sheria hiyo ilifutwa Mei 2019. Kilichowapeleka mahakamani, mara nyingi, kilianza na kipande cha bati cha milimita 60.

FUNDI: Basi hoja ya kukizamisha imepata wakili.

WAKILI: Haijapata. Yako majimbo ya Marekani yanayotofautisha silaha iliyofichwa na iliyo wazi. Kibanio cha kawaida kinakupa la kusema: kisu kilionekana. Ukikizamisha kisu na kukifunga kibanio kinachofanana na cha kalamu, umeacha hoja hiyo nyumbani. Uingereza ni habari nyingine. Sheria ya mwaka 1988 inaruhusu kisu cha kukunja chenye makali yasiyozidi inchi 3, yaani sentimita 7.62, kubebwa hadharani bila kutoa sababu, na mahakama ikaamua baadaye kwamba kinachojifunga kwa kufuli hakimo. Kibanio hata kiwe cha dhahabu hakibadilishi kitu pale. Ninachosema ni kwamba mteja anapoagiza umbo, anaagiza pia namna atakavyoonekana barabarani, na sidhani kama Fundi humuuliza anaishi wapi.

FUNDI: Namuuliza mkono gani anaoutumia.

WAKILI: Muulize na hilo jingine.

MBEBAJI: Tumefika kwenye mkono, basi. Kisu changu kina matundu ya skrubu upande wa kulia tu. Kila nikikitoa mfukoni kwa mkono wa kushoto, bapa limeangalia kusiko. Nimeambiwa nizoee. Kibanio kizuri namna gani hakinisaidii kama hakuna pa kukifunga.

FUNDI: Natoboa upande wa kushoto. Mpini wa titani unatobolewa, nyuzi zinakatwa, na kibanio kinapinduliwa mchoro wake.

MHANDISI: Na hapo dhamana ya kiwanda imekwisha. Si hilo tu. Tuseme ulimi wa kufuli uko upande unaoutoboa. Ukitoboa milimita chache karibu na mzizi wa ulimi, umedhoofisha pale panapojikunja kila kisu kinapofungwa. Na nyuzi za titani zikikutana na skrubu ya titani zinaumana, zinashikana, na kichwa cha skrubu kinaliwa kabla haijatoka. Kutoboa mpini si kazi ya vibanio tena. Umeanza kukiunda kisu upya.

FUNDI: Skrubu naweka za chuma na gundi kidogo ya nyuzi. Matundu nayaweka karibu na tako, mbali na mzizi. Na kama kisu hakina nafasi, namwambia hakina. Lakini watu kama dada huyu, mmoja katika kila kumi hivi, viwanda vinawaambia wazoee kwa zaidi ya miaka arobaini sasa.

MHANDISI: Vingi vinatoboa pande zote mbili siku hizi.

MBEBAJI: Changu hakijatobolewa.

MHANDISI: Basi tuvipime, kubishana kumetosha. Kibanio kimoja cha kiwanda, kimoja cha Fundi. Mashine iviinue milimita 3 na kuviachia mara 10,000, tuone kipi kimebaki na mwanya.

FUNDI: Nakubali, ila viinuliwe juu ya jinzi, si hewani, na jinzi nayo ikaguliwe. Kibanio kilichopulizwa mchanga kikaachwa na uso wa msasa kinakula mfuko polepole, na hilo mashine yako haitaliona. Halafu kila baada ya mara elfu moja mtu avigonge kwenye fremu ya mlango.

MHANDISI: Fremu ya mlango haina kipimo.

FUNDI: Ndiyo maana vyenu vinapindia hapo.

MBEBAJI: Na kisu cha majaribio kitakuwa cha nani? Mkitoboa changu mpini ukapasuka kwenye mzizi wa ulimi, nani analipa?

FUNDI: Mpini nalipa mimi. Siku za kazi utakazokaa bila kisu silipi.

MHANDISI: Liandike hilo kwenye risiti, kabla hujashika keekee.